Mwendesha Gari Aliyekataa Kuitwa Boi

Habari ya kifo chake ilinikuta Jumanne, mezani kwangu, nikikaribia kumaliza safu nyingine kabisa iliyohusu vumbi la barabara zetu. Aliyeileta ni binti wa jirani yangu, anayeuza ndizi sokoni. Alisimama mlangoni, akaniamkia shikamoo, akasema, "Babu, yule mzee wako wa Nkoaranga ametutoka jana alasiri." Niliitikia marahaba kwa mazoea tu, binti wa watu akaondoka. Safu ya vumbi nimeitupa. Alhamisi nilipanda mlima kwa njia zile za miguu zinazoteleza, wajukuu wa marehemu wakinishika mkono huku na huku, nikafika kaburini katikati ya migomba na mibuni yake, nikasikiliza wasifu ukisomwa. Msomaji alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na tai iliyonyooka. Alisema marehemu alizaliwa Wadachi, yaani Wajerumani, wakiwa bado hawajajenga boma, alibatizwa utu uzimani, ameacha watoto saba, na kwamba "katika ujana wake alikuwa boi wa Mdachi." Watu walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeshtuka. Mimi nilishtuka, lakini mbele ya jeneza mtu hasimami kubishana na karatasi. Karatasi ile naijibu leo, hapa. Marehemu hakuwa boi wa Mdachi. Hakuwa boi wa mtu yeyote chini ya jua hili, na aliyetaka ushahidi alipaswa kumwomba avue shati.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba katika safu hii sitaji watu majina. Safari hii ninayo sababu ya ziada. Jina la mzee huyu lilikuwa la wale aliowaruhusu walitumie, nami sikuwahi kuwaombea ninyi ruhusa.

Nilimfahamu nikiwa karani mchanga bomani Arusha, enzi za Mdachi. Nilikuwa nimefunzwa kusoma na kuandika na wamisionari, nimetahiriwa, na ndevu zinaanza kunipa kiburi. Yeye alikuwa mtu mzima kuliko mimi, ana mke na watoto watatu. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la maksai la mlowezi mmoja mwenye shamba kubwa chini ya Nkoaranga. Ninyi mliozaliwa na malori hamwezi kuijua kazi ile. Maksai kumi na sita, wawili wawili kwenye nira, na gari refu kama nyumba nyuma yao. Mwendeshaji hutembea ubavuni na mjeledi wenye mpini mrefu kuliko mwanzi wa kutungulia ndizi, na akiwa fundi kweli, mjeledi haumgusi ng'ombe hata mmoja. Huuvumisha tu hewani, kisha akawaita kwa majina. Kila maksai wa mlowezi yule alikuwa na jina. Wa mbele walipewa majina ya wafalme wa kwao, wa katikati majina ya majemadari, na mmoja mnene mwenye pembe zilizopinda aliitwa kwa jina la shangazi wa mlowezi mwenyewe. Marehemu aliyajua yote kumi na sita, na akiyataja kwa ulimi wa Kimeru ungedhani ni majina ya koo za mlimani.

Watu wa shamba lile hawakuwa na majina. Kulikuwa na boi wa meza, boi wa jiko, boi wa farasi na boi wa kufua. Msimamizi wa wote hao, Mwarusha mwenye mvi kichwa kizima, aliitwa boi mkubwa. Marehemu alikuwa boi wa gari. Na ukweli usemwe: hakuna aliyeona vibaya. Sote tulidhani boi ni Kidachi, maana yake mtumishi. Hata mimi bomani, pamoja na kalamu yangu na shati langu jeupe, nilikuwa boi wa barua, nami niliitika haraka kuliko wote. Neno lile lilitutangulia. Tulizaliwa kazini tukalikuta liko mlangoni, tukalivaa kama mtu anavyovaa koti la mgeni aliyekwisha ondoka.

Aliyetufumbua macho ni fundi cherehani mmoja wa Mombasa, aliyekuwa akishona barazani kwa duka la Mhindi mjini. Alikuwa amekaa na Waingereza miaka mingi kabla ya kuja huku. Siku hiyo nilikwenda kuchukua suruali yangu, nikamkuta marehemu amesimama pale, gari lake likishushwa magunia. Alikuwa anamtazama fundi kwa namna ya mtu mwenye swali la siku nyingi.

"Fundi," alisema, "wewe umekaa na wazungu wa kila namna. Boi ni lugha gani?"

"Kiingereza hicho."

"Mbona bwana wangu ni Mdachi?"

"Neno likiwafaa wakubwa, kaka, halisimami mpakani." Fundi alikuwa mcheshi, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Na maana yake?"

Fundi alitoa uzi mdomoni. "Mtoto wa kiume."

"Mtoto wa kiume wa nani?"

"Wa yeyote. Mvulana tu, yule wa kuchunga mbuzi."

"Kabla ya jando au baada?"

Fundi alicheka. "Kwa Waingereza mambo ya jando hayamo. Lakini kwa hesabu yenu ninyi, ni kabla."

Mguu wa fundi uliendelea, naye akaanza kutupa darasa, maana alipenda kusikilizwa. Alisema kwa wenyewe neno lile lina nyuso nyingi. Mwingereza akikutana na mwenzake waliyesoma pamoja, wote wawili wana vipara, humpiga bega akamwita boi wangu mzee, na hayo ni mapenzi. Baharia wao, hata akiwa na wajukuu, mwenzake baharini humwita hivyo. Mama akimsifu mwanawe aliyeshinda mchezo, ni boi huyo huyo. Wengine hulitamka peke yake wakishangaa jambo, kama watu wa pwani wasemavyo lahaula. "Yategemea nani anamwambia nani," alimaliza.

"Na mzungu akimwambia mtu mweusi?" marehemu aliuliza.

Mguu wa fundi ulisimama. "Hapo, kaka, maana yake ni moja."

Marehemu alitazama magunia mawili yakishushwa, kisha akanigeukia mimi, akasema neno moja tu: "Layoni." Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze. Kwa Waarusha, na kwetu Wameru tuliochukua mengi kutoka kwao, layoni ni mvulana asiyetahiriwa. Hana kauli barazani, haoi, na hata nyama hukatiwa ya mwisho. Kumwita layoni mwanamume aliyepita jando ni kumvua nguo mbele ya wakwe. Watu wameuana kwa neno hilo, na pasipouana, wazee hukaa, na mtukanaji hutoa mtamba wa ng'ombe kusafisha kinywa chake. Nilijaribu kutuliza mambo, ndiyo tabia ya makarani. Nikasema labda mzungu hajui. Akanijibu, "Ng'ombe wake anawajua mmoja mmoja." Akaokota mjeledi wake, akaondoka.

Yaliyotokea kesho yake shambani nilisimuliwa na yule msimamizi mwenye mvi, aliyekuwapo. Asubuhi mlowezi alitoka barazani na kikombe mkononi, akaita, "Boi!" Marehemu alikuwa hatua ishirini kutoka pale, akipaka mafuta ekseli ya gari. Hakuinua kichwa. Mlowezi akaita tena, na mara ya tatu akaita kwa sauti iliyowatoa wapishi jikoni. Kisha akashuka mwenyewe, akaenda akasimama juu yake.

"Wewe hukusikia?"

"Nimesikia."

"Mbona huitiki?"

"Sijaitwa, bwana."

Msimamizi aliniambia kwamba mlowezi hakupiga papo hapo kwa sababu hakuelewa. Alidhani ni Kiswahili kibovu. Ilibidi marehemu amwelezee polepole, kwa adabu kamili, kwamba yeye ni baba wa watoto watatu, kwamba mlimani mtu wa namna yake huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na jina hilo si refu, hata maksai wanaitwa kwa marefu zaidi. Akamtajia. Mlowezi akakirudisha kikombe ndani, akaandika barua.

Vijana, jueni jinsi mambo yalivyokuwa. Mlowezi akitaka mtu wake achapwe bomani, aliandika barua, akampa mtu huyo huyo aipeleke. Barua ilibanwa kwenye ufa wa kijiti, ukakishika kijiti mbele yako kama mshumaa, ukatembea nacho kwa miguu yako mwenyewe kwenda kupigwa. Wengi walitumwa hivyo pasipo kujua wamebeba nini. Marehemu alijua. Alitembea kutoka chini ya Nkoaranga, akavuka Nduruma, akapita Sekei, watu wakimtazama na kijiti chake, akafika bomani mchana, mimi ndiye niliyempokea. Alininyooshea kijiti. "Soma," alisema. "Jina langu limo?" Nikasoma. Halikuwamo. Iliandikwa, "boi wangu wa gari ni mkaidi, apewe adabu." Miaka mitatu alikuwa ameendesha mali ya mtu yule milimani na mitoni, na mtu yule hakujua aandike nani.

Shauri lilisikilizwa siku ya tatu, mlowezi mwenyewe akiwapo kwenye kiti cha kuegemea. Bwana Mkubwa wa boma alikuwa anajua Kiswahili kizuri, na marehemu naye alikijua vema. Kwa hiyo nilishangaa aliposimama akaanza kusema Kimeru kitupu, na kazi ya ukalimani ikaniangukia mimi. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba kwa Kiswahili alikuwa amezoea kusema ndiyo bwana, na siku ile hakutaka ulimi umtoroke.

Alisema hakuja kujitetea, amekuja kushtaki. Alisema, "Mimi ni mwanamume niliyetahiriwa mbele ya mashahidi, na walio hai wapo, waitwe. Bwana huyu ameniita layoni kila siku kwa miaka mitatu. Sikujua, ndiyo maana sikusema. Sasa najua. Kwetu tusi hilo lina hukumu yake. Namdai mtamba mmoja, wala sitaki zaidi." Niliyatafsiri hayo. Askari mlangoni, Mmanyema mkubwa mwenye makovu, alitazama chini ili asionekane uso wake. Bwana Mkubwa alicheka mpaka akafuta macho. Akaeleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mjinga kwamba boi ni mtumishi, si mtoto, ni neno la kazi tu, halina ubaya wowote, na kote duniani linatumika.

Marehemu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa Kimeru, kwa sauti ile ile: "Kama halina ubaya, Bwana Mkubwa na amwite huyu bwana wa shamba kwa neno hilo sasa hivi, hapa, sote tusikie."

Wasomaji wangu, nimeandika safu hii kwa miaka mingi, nimewakemea wengi ndani yake kwa woga wao. Leo someni wangu. Nilisimama pale, mkalimani wa serikali, maneno yale yakiwa mazima kichwani mwangu, nikageuka kwa Bwana Mkubwa nikasema, "Anasema amesikia, bwana."

Marehemu hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama maksai aliyesimama katikati ya mto, ukijua huna la kumfanya. Halafu akamgeukia mkubwa, akasema mwenyewe, kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho hata wafungwa waliokuwa wakifagia nje walikisikia: "Sikusema nimesikia. Nimesema, kama neno hili ni zuri, mwite nalo mzungu mwenzako."

Hakucheka tena mtu. Mlowezi aliinuka nusu kitini. Bwana Mkubwa alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni, na kwa muda mdogo, mdogo sana, nilimwona akimtupia jicho mlowezi, nikajua kwamba neno lile lilikuwa limefika kinywani mwake na amelikuta chungu. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya kweli ya shauri lile, nami niliiona kwa macho yangu. Ile nyingine iliandikwa na mkono wangu kwenye kitabu: hamsa ishirini, kwa ukaidi na ufidhuli. Wazee wa leo wakisikia hamsa ishirini bado hukunja mabega. Ni viboko ishirini na vitano, vya ngozi ya kiboko, mtu akiwa amelazwa kifudifudi uwanjani na kushikwa miguu na mikono. Aliomba asishikwe. Akashikwa. Alipoinuka, alifunga shuka lake taratibu, na yule askari Mmanyema, ambaye mkono wake ndio uliopiga, alimpa fimbo ya kutembelea, akamwambia, "Pole, baba." Alisema baba, si kitu kingine. Mlowezi alisikia.

Majuma mawili baadaye nilipanda Nkoaranga kumwona. Nilikuta amelala kwa tumbo kivulini kwa migomba, mkewe akimkanda mgongo kwa majani yaliyochemshwa. Mama yule aliponiona aliinuka akaingia ndani bila kunisalimu, nami nilijua nimestahili. Nikamwomba marehemu msamaha. Nilikuwa nimetunga hotuba njiani kote, yenye maneno ya Biblia, lakini ilinitoka kwa vipande. Alinisikiliza, shavu lake likiwa juu ya mkono, akasema, "Ningejua utaogopa, ningesema Kiswahili tangu mwanzo tukamaliza mapema. Jua lilikuwa kali." Kisha akacheka kidogo, akakunja uso kwa maumivu ya kucheka. Tulipokwisha kunywa mbege, akaniuliza bila kunitazama, "Na wewe bomani wanakuitaje?"

Jumatatu iliyofuata, sajini wa Kidachi aliyekuwa na ofisi mkabala na yangu aliita, "Boi! Wino!" Nikabaki nimekaa. Akaita tena. Nikabaki nimekaa. Akaja, akanizaba kofi lililonimwagia wino wangu mwenyewe kifuani, na siku ya pili yake alipoita, niliitika. Sitaki msomaji anidhanie makubwa. Ilinichukua makofi matatu na miezi mingi kufika pale ambapo yeye alifika kwa siku moja. Lakini mwishowe sajini yule alichoka kabla yangu, akaanza kuniita karani, kwa kununa, kama mtu anayelipishwa. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, nami nasema moyo uliokufa unaweza pia kufufuka, ila hufufuka kwa shida na kwa aibu.

Huku nyuma, shambani mambo yalikuwa yamechacha. Gari lilikaa. Mlowezi alileta waendeshaji wengine wawili; wa kwanza alilizamisha mtoni Usa likalala huko juma zima, wa pili alichapa maksai mpaka wakajifunga wenyewe kwenye minyororo. Lakini gari halikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba yule mzee mwenye mvi, boi mkubwa, alikuwa amesimulia yote jikoni, kwenye zizi na kwenye mistari ya kahawa, na wanaume wote wa shamba, Wameru kwa Waarusha, sasa walijua maana. Hapakuwa na mkutano wala kiapo. Mlowezi alitoka barazani asubuhi akaita, "Boi!" na walioinua vichwa walikuwa mbwa wake wawili. Wapishi walipika, wafuaji walifua, farasi alitandikwa, kila kazi ilikwenda kwa wakati wake. Ila neno lile liliporushwa hewani lilianguka chini, hakuna aliyelidaka. Angeandika barua ngapi? Angemtuma nani na vijiti vyote hivyo? Na kahawa ilikuwa inaiva.

Kusema majina hakuweza. Hilo msimamizi aliniapia: alimwona mara moja akifungua kinywa kujaribu, peke yake barazani, akakifunga. Badala yake alituma mjini akanunua kengele, ya shaba, ya ukubwa wa kibuyu, akaitundika kwenye nguzo ya baraza. Mlio mmoja ulikuwa wa meza, miwili ya farasi, mitatu ya gari. Akampeleka msimamizi Nkoaranga kumwambia marehemu kwamba arudi, kuna kengele. Nilikuwapo siku hiyo. Nilidhani atakasirika, maana mimi nilikasirika kwa niaba yake. Alikaa akafikiri.

"Kengele ina jina la mtu ndani yake?" aliuliza.

"Haina," msimamizi alisema. "Inalia tu."

"Basi kengele inaita kazi. Kazi nitaiitikia. Ni kazi yangu, nilijifunza kwa miaka mingi, na wale maksai watakufa mikononi mwa wale wapumbavu." Akasimama polepole, akamwomba mkewe mjeledi. Mlangoni akageuka: "Mwambie mtamba wangu bado namdai."

Hakulipwa kamwe. Vita vya wazungu vilikuja, maksai wale wa kifalme walichukuliwa na jeshi wakaliwa, mlowezi akaondoka na masanduku, na marehemu akarudi kwenye migomba yake asiiache tena. Lakini najua kwamba kutoka siku ile ya kengele mpaka siku ya kuondoka kwa bwana yule, hakuna mwanamume mzima aliyeitwa layoni katika shamba lile, kwa Kiingereza wala kwa lugha nyingine. Mtu mmoja alilinunua hilo kwa ngozi ya mgongo wake, na wenzake wakalilinda kwa kunyamaza tu.

Nimefikiri sana juu ya maneno katika kazi yangu hii, na kwa kawaida huwaambia vijana wanaotaka kuandika kwamba maana ya neno iko kwenye kamusi. Si kweli. Fundi wa Mombasa alijua zaidi yangu. Neno moja ni busu kwa huyu na ni teke kwa yule, na anayelitupa siku zote atakuambia kwamba alikusudia busu. Wengine wameniambia mzee yule alihangaikia kitu kidogo, kwamba wenziwe walikuwa wakinyang'anywa ardhi na kutozwa kodi naye akapigania herufi tatu. Nakataa. Nilikaa bomani, niliona jinsi ardhi inavyochukuliwa. Kwanza huandikwa kwamba hapo hapakuwa na watu wazima. Ukishakubali kuwa mtoto, utapinga vipi mtu akikushikia shamba lako mpaka utakapokua? Na hutakua kamwe. Mvi zitakujaa kichwani ukiwa boi mkubwa.

Sasa Mdachi ameondoka, na Mwingereza mwenye neno lake ameondoka pia, bendera ni yetu na bomani wanakaa watoto wetu. Mwezi uliopita mmoja wao, kijana mwenye cheo na nyumba nzuri huko Sekei, alinialika chai. Anapenda safu hii, alisema. Tulipokaa, alipaza sauti kuelekea jikoni: "Boi! Leta chai!" Akaja mwanamume wa umri wa baba yake, miguu peku, sinia mikononi. Nikamwamkia yule mtu kama mwanamume mzima anavyomwamkia mwenzake, nikamuuliza anaitwa nani. Alimtazama kwanza mwenye nyumba, kuona kama inaruhusiwa. Mwenyeji wangu akacheka akasema, "Mzee, huyu amezoea, wala hajali." Nikamwambia mwenyeji wangu kwamba sitagusa kikombe mpaka nilisikie jina hilo kinywani mwake yeye, si mwa yule mtu. Alikuwa halijui. Ameishi naye miaka miwili, amekula chakula cha mkono wake, na alikuwa halijui. Ilibidi aulize, uso umemshuka, mbele yangu, na yule mtu akalitaja kwa sauti ndogo, kisha, alipoombwa alirudie, kwa sauti ya kutosha.

Basi ninyi mnaosoma safu hii asubuhi, chai ikiwa mezani, nawaambia bila kuwabembeleza. Yupo mtu aliyeileta chai hiyo. Kama hujui jina lake, liulize leo, na akikuambia, litumie. Na wewe uliyeileta, ukiwa unajua kusoma na gazeti hili limekufikia baada ya bwana kulimaliza, sikiliza: watakuita watakavyo, vinywa ni vyao. Kuitika ni kwako.